Kuunganisha mishono ya mtumbwi wa plaiwudi kwa epoksi

Mtumbwi wa plaiwudi ya milimita 6 haushikwi na misumari. Waya za shaba hushikilia vipande kwa muda tu; kazi yenyewe hufanywa na epoksi (gundi ya sehemu mbili: resini, na hadina ya kuigandisha) na utepe wa faiba, ndani na nje ya mshono.

Toboa matundu sentimita 1 kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 15. Kaza waya, kisha hakikisha mtumbwi haujapinda: gundi ikiganda, hauwezi kunyooshwa tena.

Pima resini na hadina kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, uangalie kama ni wa ujazo au wa uzito. Waliozoea poliesta (resini ya aina nyingine) huharibu hapa: huongeza hadina ili ikauke upesi. Kwenye epoksi, hadina iliyozidi haina cha kushikana nacho, na gundi hubaki laini. Koroga dakika 2 hadi 3 ukikwangua pembeni na chini. Changanya gramu 200 hivi kwa mara moja, umimine kwenye sahani bapa; ikilundikana kikombeni hupata moto, hata kutoa moshi.

Kwanza paka epoksi tupu kwenye kingo. Usiruke hatua hii hata kidogo. Ukingo wa plaiwudi hunywa sana, na usiposhiba utanyonya gundi yote na kuacha mshono mkavu. Panapofifia, rudia.

Sasa tia unga laini wa mbao uliochekechwa, si maranda, hadi mchanganyiko uwe mzito kama siagi ya karanga. Jaza kona kati ya waya. Ikiganda, toa waya, jaza mapengo, kisha lainisha kona yote kwa kijiti cha ncha ya mviringo. Kabla haijakauka, laza utepe wa milimita 75 na uuloweshe epoksi hadi uwe kama kioo. Palipobaki peupe pana hewa.

Huku Katosi au Kalangala, kwenye Ziwa Viktoria nchini Uganda, unyevu wa ziwa huacha utando kama nta juu ya epoksi iliyoganda. Uoshe kwa maji na sabuni kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu, na tabaka linalofuata litabanduka.

Geuza mtumbwi, viringisha kingo za nje (utepe haulali kwenye pembe kali), ubandike utepe vilevile. Vaa glavu wakati wote, maana mzio wa epoksi ukishaanza hauponi. Acha siku 7 kabla ya kuushusha majini, na upake rangi: jua letu huigeuza epoksi chaki.