Rejeta kubwa kwa gari linalochemsha Dodoma

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndipo gari lililotulia mwaka mzima linapoanza kupandisha geji. Jua ni sababu moja tu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Pwani, hivyo kila feni inapozunguka inaondoa joto pungufu. Ongeza mlima wa Saranda ukielekea Manyoni: gari limejaa, linapanda polepole, na upepo wa mashariki unakusukuma mgongoni badala ya kuingia kwenye grili. Rejeta iliyotosha Dar huenda isitoshe hapo.

Hata hivyo rejeta kubwa haiponyi kila ugonjwa, kwa hiyo kabla ya kununua jiulize gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni au limesimama na AC imewashwa, lakini likatulia ukikimbia, mgonjwa ni feni. Likitulia mjini na kupanda joto mlimani au kwenye mwendo wa 100, mzunguko wa maji au rejeta ndiyo inayoshindwa, na hapo kubadilisha kuna maana. Likichemsha dakika chache baada ya kuwashwa, mipira ya maji ikawa migumu kama jiwe na mapovu yakawa yanatoka bila kukoma kwenye rejeta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Hata ukifunga rejeta ya Fuso hutapona.

Ukiwa na kipimajoto cha bunduki, pitisha juu ya rejeta injini ikiwa moto na gari limesimama. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi upande yanapotokea. Ukikuta mahali pa baridi ghafla katikati, tyubu (vijibomba vya maji) za hapo zimeziba. Na usisahau kutazama nje: fungua nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Kwa magari ya njia za Chemba, Mpwapwa au Bahi utakuta mbegu za nyasi, wadudu na vumbi vimeshikana kama blanketi. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukitumia mashine ya kuoshea magari kwa karibu, mapezi (vibati vyembamba kati ya tyubu) yatalala yote na utakuwa umeifunga njia ya hewa kwa mkono wako mwenyewe.

Themostati nayo ina hadithi potofu inayotembea gereji nyingi: "itoe, maji yapite vizuri." Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka ndiyo pia inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ipime kwa kuining'iniza kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Ile ya nyuzi 82 ianze kufunguka karibu na hapo, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofika, nunua mpya. Usifunge rejeta mpya na themostati ya zamani.

Sasa uchaguzi. Pima urefu na upana wa sehemu ya tyubu, kipenyo cha midomo ya mipira, nafasi ya pini za chini na upande mfuniko ulipo. Halafu pima unene, maana hapo ndipo faida ilipo. Kwa magari madogo ya Toyota kuna rejeta za milimita 16 na za milimita 26 zinazokaa mahali pale pale, na hiyo ya 26 ndiyo nyongeza rahisi kuliko zote. Kwa Land Cruiser na Hilux za dizeli, fundi rejeta anaweza kukuwekea shaba yenye safu 3 za tyubu badala ya 2. Safu 4 tunaisifu kidogo tu: ikiwa feni ni dhaifu, hewa haipenyi hadi safu ya nyuma, na unabaki umebeba uzito. Ya aluminiamu iliyochomelewa yote ni nyepesi na haina matenki ya plastiki ya kupasuka, lakini mjini si kila fundi anayeweza kuichomelea ikitoboka. Shaba huzibwa kwa solda hata Kondoa. Anayesafiri mbali na mji afikirie hilo kabla ya kupenda mng'ao.

Gari la otomatiki kwa kawaida lina kipoza oili ya giaboksi ndani ya tenki la rejeta. Rejeta mpya isiyo na kipoza hicho itakuulia giaboksi. Na kama oili ya zamani ina rangi ya chai ya maziwa, maji yalishaingia, shughulikia giaboksi kwanza.

Kabla ya kufunga, safisha njia za maji ndani ya injini. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea Dodoma. Maji mengi ya mji hutoka visimani, Makutupora ikiwemo, na yana chumvi. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika la jikoni: ukoko huo huo umejipaka ndani ya bloku. Ukifunga rejeta mpya bila kuuondoa, unabanduka vipande vipande na kwenda kuziba tyubu nyembamba ulizonunua jana. Rejeta ya zamani ikiwa bado imefungwa, mwaga maji, jaza maji safi yenye asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa lita. Weka hita kwenye moto wa juu, acha injini ingurume dakika 20 hadi 30, zima, ipoe, mwaga. Rudia kwa maji matupu hadi yatoke safi. Mara tatu au nne ni kawaida. Usilaze asidi hiyo usiku kucha, itakula aluminiamu.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Injini iwe baridi kabisa, maana mfuniko ukifunguliwa moto unaunguza uso. Toa waya hasi wa betri, weka beseni chini, mwaga, na upime kiasi kilichotoka ili ujue utakachorudisha. Usimwage kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) barabarani: ni tamu, na mbuzi au mbwa akiinywa anaweza kufa. Legeza klipu, zungusha mpira kwanza ndipo uuvute. Mpira ulioganda ukate kwa urefu, usiung'ang'anize na bisibisi ukapasua mdomo wa plastiki. Ziba paipu za oili ya giaboksi mara tu unapozitoa, vumbi letu halisubiri. Hamisha feni na kava lake.

Kava la feni lisiachwe chini ya karakana eti linabana. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni yake tu na inazungusha ile ile ya moto. Kwa feni ya injini, acha karibu milimita 25 kati ya panga na rejeta, na panga liingie nusu ndani ya kava. Rejeta nene inakula nafasi hiyo, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Kwa feni za umeme, tumia rilei, fyuzi inayolingana na feni na waya wa milimita za mraba 4, usiuchukue umeme kwenye waya wa taa. Ukimaliza, weka karatasi mbele ya grili: ivutwe na kunata. Ikisukumwa, umegeuza waya, na feni inapambana na upepo wa barabarani.

Rejeta ikae juu ya raba zake. Ikikazwa chuma kwa chuma, rafu za barabara ya vumbi zitaipasua kwenye maungio, kisha lawama itaenda kwa muuzaji.

Mfuniko nunua mpya wenye namba ile ile ya zamani, mara nyingi 0.9 au 1.1, kipimo cha shinikizo. Huo wa 1.1 ukiwa mzima unasogeza kiwango cha kuchemka hapa Dodoma hadi karibu nyuzi 120, kwa maji matupu. Mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 96. Ukikuta mpira wa juu umenywea asubuhi, vali ndogo ya katikati ya mfuniko imekwama. Usipandishe namba kuliko ya kiwanda, utapasua hita.

Cha kujaza: kulanti asilimia 40 na maji yaliyosafishwa asilimia 60. Huku hakuna barafu, na maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Unachohitaji humo ni dawa ya kuzuia kutu. Dukani ukiyaomba maji hayo kwa jina la "maji ya betri" soma chupa, maana wengine watakupa asidi. Usichanganye kulanti mbili kwa kufuata rangi tu, nyingine hugeuka uji.

Kutoa hewa: pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, hita moto wa juu, mfuniko wazi, jaza polepole. Washa, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta hadi mpira wa chini upate joto na feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiongeza. Noah za zamani na gari nyingine zenye injini chini ya viti zina paipu ndefu na hushika hewa, zipe muda. Hita ikitoa baridi wakati injini ni moto, hewa bado imo.

Kabla ya kufunga boneti, chukua mita ya volti: waya wake hasi kwenye ncha hasi ya betri, waya mwingine ndani ya kulanti, usiguse chuma. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, kuna athi mbovu (waya hasi haujashika vizuri kwenye bodi au injini), na umeme huo utatoboa aluminiamu.

Majaribio yafanyike mlimani. Geji za Toyota nyingi hukaa katikati hata joto likipanda sana, kwa hiyo kwa gari lenye OBD2 (tundu la kusomea kompyuta ya gari) soma namba ya joto. Kati ya 85 na 95 ni salama. Ikifika 105 zima AC, punguza mwendo, na ikiendelea kupanda simama. Kabla ya kwenda Iringa na kuupanda Nyang'oro, fanya kilomita 100 za karibu na mji, kisha asubuhi, injini ikiwa baridi, kaza klipu upya na ujaze chupa ya akiba hadi mstari wa juu.