Kujenga Nyumba Inayojali Mazingira: Ramani, Udongo, Saruji na Mbao

Mtu anayetaka kujenga nyumba isiyoelemea mazingira kwa kawaida huanza kwa kuuliza atumie tofali gani, ilhali swali hilo linapaswa kuja baada ya mengine kadhaa. Sehemu kubwa ya madhara ya nyumba, na ya nafuu yake pia, huamuliwa kwenye ramani kabla fundi hajachimba msingi: ukubwa wa nyumba, upande inaoelekea na umbo la paa lake. Chumba ambacho hakikujengwa hakihitaji saruji, bati, rangi wala taa, na hakuna kifaa cha ujenzi kinachoweza kushindana na upungufu huo. Kwa hiyo kaa na ramani yako na uulize kila chumba kitatumiwa na nani na mara ngapi kwa wiki. Sebule ya pili na chumba cha wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka ndivyo vya kwanza kufutwa.

Kinachofuata ni jua. Katika maeneo yaliyo karibu na ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi, na paa lenye upenu mpana hutosha kulizuia, lakini jua la asubuhi na la jioni huja kwa chini na kuzipiga kuta moja kwa moja. Ndiyo maana kuta ndefu za nyumba huelekezwa kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zinazoachwa mashariki na magharibi, zikiwa na madirisha machache au zikikingwa na stoo, bafu au mti wa kivuli. Kadiri unavyosogea kwenye nchi za baridi, hesabu hubadilika: madirisha makubwa huwekwa upande unaotazama ikweta ili jua la chini la majira ya baridi liingie ndani, na upande wa pili huachiwa matundu machache.

Upepo nao hauingii chumbani usipopata pa kutokea. Dirisha moja kubwa kwenye ukuta mmoja hufanya kazi ndogo kuliko madirisha mawili ya wastani yaliyo kwenye kuta zinazotazamana. Wasanifu wengi hufuata kanuni kwamba kina cha chumba kinachopitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine kisizidi mara tano ya kimo cha dari. Matundu ya hewa yaliyo juu, karibu na dari, hutoa joto ambalo tayari limepanda huko.

Katika suala la unene wa kuta, ushauri mwingi wa jumla hupotosha. Ukuta mnene wa udongo au mawe hupokea joto polepole na kulitoa polepole, jambo ambalo ni neema mahali ambapo mchana ni mkali na usiku ni baridi. Mahali penye unyevu mwingi, ambapo usiku nao ni wa joto, ukuta huohuo hukurudishia joto la mchana saa unapotaka kulala, na hapo kuta nyepesi, dari ya juu na upepo mwingi vina faida zaidi. Tazama hali ya hewa ya kiwanja chako kabla ya kuiga nyumba uliyoiona kwenye picha. Paa, kwa upande wake, halina mjadala huo: popote penye jua kali, bati la rangi nyeupe au nyingine hafifu hurudisha sehemu kubwa ya miale, na nafasi yenye matundu ya hewa kati ya bati na dari huzuia joto lililobaki lisiteremke vyumbani.

Jinsi ya kukipima kifaa

Kila kifaa kiulizwe maswali yaleyale: kimetoka umbali gani, kimepikwa kwa moto wa kiasi gani, kitadumu miaka mingapi, na nyumba itakapobomolewa kitaishia wapi. Maswali haya huondoa udanganyifu wa macho. Tofali za kuchoma, kwa mfano, huonekana za asili kwa sababu ni udongo mtupu, lakini tanuru la kienyeji linalochomwa kwa kuni hupoteza joto jingi pembeni na hula miti isiyo na hesabu. Alumini ya fremu za madirisha hutengenezwa kwa umeme mwingi sana, lakini ile iliyoyeyushwa upya kutokana na chakavu huhitaji takribani asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Kwa hiyo jina la kifaa pekee halitoshi kukipitisha wala kukikataa. Milango, mbao, vigae na mabati yaliyotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa karibu kila mara hushinda vipya, mradi yakaguliwe vizuri.

Udongo

Udongo ndicho kifaa kinachodharauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kufikiriwa kwanza. Katika mji wa Shibam nchini Yemen yapo majengo ya tofali za udongo usiochomwa, mengi yakiwa ya karne ya 16, na baadhi yake hufikia ghorofa saba. Nyumba ya udongo inayoporomoka baada ya miaka michache huwa imeangushwa na mambo mawili: udongo haukupimwa, au maji hayakuzuiwa.

Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Chimba hadi upite udongo mweusi wenye mizizi na mboji, kwa kawaida nusu mita au zaidi, kwa maana ule wa juu haufai kujengea. Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia chumvi kidogo ili chembe laini zitulie haraka, kisha funga na utikise kwa nguvu. Iache kwa saa moja, itikise tena, na uiweke mahali isipoguswa hadi siku inayofuata. Mchanga hutua chini ndani ya dakika ya kwanza, tope laini hufuata, na mfinyanzi huwa wa mwisho, ukikaa juu kama utando ulionyooka. Pima kila tabaka kwa rula. Udongo unaofaa tofali za kushindilia, yaani zinazobanwa kwa mashine bila kuchomwa, huwa na mchanga kwa zaidi ya nusu, na mfinyanzi wa takribani asilimia 15 hadi 30. Mfinyanzi huvimba ndani ya maji na kuonekana mwingi kuliko ulivyo, kwa hiyo usiishie hapo.

Kipimo cha pili ni cha sanduku, nacho huonyesha kiasi cha saruji cha kuchanganya na udongo wa tofali hizo. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, ulipake mafuta ndani, kisha ulijaze udongo uliolowanishwa na kushindiliwa vizuri kwenye pembe. Lianikwe juani kwa siku 3 au kivulini kwa siku 7. Udongo utasinyaa na kupasuka. Usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Kwa mashine ya kawaida ya mkono ya kufyatulia tofali, pengo lisilofika milimita 12 huashiria sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 18 za udongo. Kati ya milimita 12 na 24 ni 1 kwa 16. Kati ya 24 na 39 ni 1 kwa 14. Na likikaribia 50 ni 1 kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime upya, kwa sababu kuongeza saruji kwenye udongo wenye mfinyanzi mwingi ni kutupa fedha.

Udongo na saruji vichanganywe vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kidogo kidogo. Kujua kama maji yametosha, finyanga donge kwa mkono na uliangushe kutoka kimo cha bega kwenye ardhi ngumu: likivunjika vipande vinne au vitano, mchanganyiko uko sawa, likisambaratika kuwa unga, ni mkavu, likibaki donge moja lililobonyea, umezidisha maji. Changanya kiasi kinachoweza kufyatuliwa ndani ya saa moja tu. Tofali zifunikwe kwa nailoni au majani na kumwagiliwa kwa siku 7, na zisijengewe kabla ya siku 28 kutimia. Wengi huharakisha hatua hii, kisha hulaumu udongo.

Kuhusu maji, ukuta wa udongo ukae juu ya msingi wa mawe au zege unaotokeza angalau sentimita 30 kutoka ardhini, pawe na tabaka la kuzuia unyevu kati yake na ukuta, na upenu wa paa utokeze sentimita 60 au zaidi. Ukuta wa udongo usiotiwa saruji usipigwe lipu ya saruji: lipu hiyo hupasuka, maji hupenya na kunaswa nyuma yake, na siku moja hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Lipu ya udongo au ya chokaa huruhusu unyevu utoke.

Penye matetemeko ya ardhi tahadhari ni ya uhai wa watu. Tetemeko lililoupiga mji wa Bam nchini Iran tarehe 26 Desemba 2003 liliua zaidi ya watu 25,000, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za tofali za udongo. Huko usijenge kwa udongo bila mhandisi, bila mkanda imara unaozunguka kuta zote chini ya paa, na bila uimarishaji wa wima kwenye pembe.

Saruji kwa kipimo

Utengenezaji wa saruji huchangia takribani asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tanuru lake hufikia nyuzi 1,450 za Selsiasi, lakini moto huo si chanzo kikuu: zaidi ya nusu ya gesi hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapovunjwa na joto. Nyumba nyingi haziwezi kukwepa saruji kabisa, hasa kwenye msingi na lenta. Kinachowezekana ni kuitumia pale tu inapobeba mzigo. Soma mfuko. Mfuko wenye alama ya CEM I una saruji karibu tupu, wakati CEM II na CEM IV huchanganywa na vitu kama majivu ya volkano, ambayo hupunguza sehemu iliyopikwa tanuruni. Kwa kujengea tofali na kupiga lipu, saruji ya daraja la nguvu la 32.5 hutosha, na kutumia iliyo kali zaidi hakuongezi chochote ila gharama. Zege lililowekwa maji mengi ili limiminike kwa urahisi hupoteza nguvu, kisha fundi hulifidia kwa mfuko wa ziada. Ni bora kulishindilia vizuri na kulimwagilia kwa siku 7 za mwanzo.

Chokaa huchomwa kwa joto la chini zaidi, takribani nyuzi 900, na inapogandia ukutani hufyonza tena sehemu ya hewa ukaa iliyotoa. Tofali zilizojengwa kwa chokaa huweza kutenganishwa zikiwa nzima na kutumiwa upya. Anayezimua chokaa mbichi, yaani ile iliyotoka tanuruni na haijatiwa maji, avae miwani na glavu, na atie chokaa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka.

Mbao na mianzi

Mti hujenga mwili wake kwa hewa ukaa, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyofungiwa humo. Faida hii hupotea mbao zikitoka kwenye msitu wa asili usiopandwa upya, kwa hiyo dai uthibitisho wa shamba zilikotoka, na ununue zilizokauka: unyevu ukiwa chini ya asilimia 20, kuvu waozeshao mbao hushindwa kustawi. Mchwa huzuiwa kwanza kwa ramani na baadaye kwa dawa. Nguzo isiguse udongo, na pawe na nafasi inayokuwezesha kuona vijia vyao.

Mianzi ivunwe ikiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, kwani michanga hubeba wanga mwingi unaovuta wadudu wanaotoboa mbao. Iloweshwe kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, dawa za kuzuia wadudu, ambao hauna sumu kali kwa binadamu lakini huyeyuka kwa mvua, na kwa sababu hiyo mianzi haifukiwi ardhini wala haiachwi nje bila paa. Marobota ya nyasi kavu, yaliyoanza kujengewa Nebraska nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19, nayo yanafaa mahali pakavu, kwa masharti hayohayo ya unyevu.

Maji na umaliziaji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 80,000, na ukitoa zinazopotea hubaki karibu lita 68,000. Tangi lipangwe kwa urefu wa kiangazi, na maji ya dakika za mwanzo za kila mvua yamwagwe kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Mitambo ya umeme wa jua ni nyongeza njema, lakini huja baada ya yote yaliyotangulia.

Ndani ya nyumba, kataa rangi yenye madini ya risasi, na uwe mwangalifu na mbao za kubandika kwa gundi zinazotoa formaldihaidi, kemikali inayosababisha saratani. Ukikuta mabati ya zamani ya asbesto kwenye kiwanja, yasivunjwe, yasikatwe wala kupigwa brashi. Waite wenye idhini ya kuyaondoa. Kuta za udongo zipakwe chokaa badala ya rangi ya mafuta. Kila mwaka kabla ya masika, pitisha kiganja ukutani upande unaopigwa na mvua: kikirudi kimejaa unga mweupe, paka upya upande huo peke yake, na uzibe nyufa kwa udongo uleule uliojengea.