Kuandaa Idi Ughaibuni Pamoja na Marafiki

Anayeishi ughaibuni na kutaka kuisherehekea Idi el-Fitr pamoja na marafiki hana budi kukubali kwanza kwamba siku ya swala na siku ya karamu si lazima ziwe moja. Uingereza na Ujerumani Idi si sikukuu ya kitaifa, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, Idi huwahi kila mwaka na mara nyingi huangukia katikati ya juma. Siku yenyewe iachiwe swala na simu za nyumbani. Karamu ihamishiwe Jumamosi inayofuata, ambapo hakuna mgeni atakayekula huku akitazama saa.

Likizo iombwe mapema, tena kwa kutaja tarehe mbili, kwa maana msikiti mmoja husubiri mwandamo na mwingine hufuata hesabu. Mwaka 2025 Saudi Arabia ilisali Idi Jumapili tarehe 30 Machi, ilhali Tanzania ilisali Jumatatu tarehe 31. Ni afadhali kikundi kikubaliane mapema kitafuata msikiti upi kuliko kubishana kwenye WhatsApp usiku wa mwezi ishirini na tisa. Anayetuma zaka ya fitri nyumbani, yaani pishi moja ya chakula kwa kila mtu au thamani yake, aitume siku kadhaa kabla, kwani ikimfikia mlengwa baada ya swala huhesabiwa kuwa sadaka ya kawaida.

Kazi ya mapishi igawanywe kwa kuangalia chakula kinavyohimili safari. Pilau na kachumbari husafiri vizuri, lakini kaimati zikikaa saa nzima ndani ya kopo lililofunikwa kwenye treni hutoka laini na zenye jasho. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye azikaange wageni wakiwa wamekwisha kufika, na shira aipike tangu jana yake. Viungo kama iliki, karafuu na bizari nzima hupatikana kwa urahisi katika maduka ya Wahindi. Nyama ya kutoka nyumbani isibebwe hata kidogo, kwa sababu Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huikataza na forodha huitaifisha.

Jambo linalosahaulika sana ni kitunguu cha pilau. Kukikaanga mpaka kigeuke hudhurungi hutoa moshi wa kutosha kukiliza king'ora cha fleti, na pengine kuwatoa majirani wote nje. Dirisha lifunguliwe na feni iwashwe kabla mafuta hayajapata moto, wala king'ora kisizibwe kwa mfuko, maana huko ni kuhatarisha jengo zima.

Majirani nao waarifiwe siku mbili kabla, ikiwezekana kwa kupelekewa sahani. Ujerumani kwa kawaida utulivu wa usiku huanza saa 4, na hapo taarabu hupunguzwa hata kama shangazi mmoja ndiyo kwanza amesimama kutunza.