Mpunga wa kaskazi usiishie kuwa chenga

Mkulima wa umwagiliaji hapa Unguja anayevuna kaskazi, msimu wa joto wa Disemba hadi Machi, awe Cheju, Kibokwa au Bumbwisudi, jua analo tele, na jua hilo hilo ndilo linalomtia hasara. Punje iliyokaushwa kwa pupa hupasuka ndani ya ganda. Nyufa huzioni mpaka mpunga ufike mashineni utoke chenga tupu. Na sokoni Darajani mnunuzi ana mchele wa Pakistan mbele yake, punje nzima nzima. Chenga zako atazipangia bei yeye.

Vuna punje nane katika kila kumi zikishageuka manjano, usingoje suke likauke lote kondeni. Pura siku hiyo hiyo. Anika juu ya turubai au jamvi, si kwenye lami, unene wa vidole viwili, na ugeuze kila nusu saa. Ikifika saa sita kusanya mpunga, ufunike kwa jamvi, alasiri utandaze tena. Usiulaze nje hata usiku mmoja, kwani umande ukiingia kwenye punje iliyokwisha kauka, nyufa huzidi. Wa mbegu uanike peke yake kwenye jua la asubuhi. Joto likipita nyuzi 42 kiini hufa.

Kujua kama umekauka, tia mpunga na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, rudisha juani. Wa kuweka ghalani unyevu wake uwe asilimia 13 hadi 14.

Kwa mpunga unaochanua sasa, joto likipita nyuzi 35 maua yakiwa wazi, suke hutoka mapepe, yaani maganda matupu. Jaruba, kile kitalu cha mpunga chenye tuta, lisikauke wakati huo. Sentimita tano za maji zinatosha. Kwa maoni yangu zamu za maji zifuate umri wa mpunga. Kumpa kwanza aliye karibu na mfereji, huku mpunga wa mwenzake unachanua kwenye udongo mkavu, ni dhuluma.

Usiuze mpunga ungali shambani kwa makisio ya mapolo, yaani magunia. Koboa kidogo kwanza upige hesabu: kilo 100 za mpunga mzuri hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Chenga zichekeche, zisichanganywe na mchele mzima zikaushusha bei wote. Wapika vitumbua na mikate ya kumimina wanazihitaji, na zaidi Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia humu humu kaskazi. Zungumza nao kabla mwezi haujaandama.