Andiko la utafiti wa lishe: jua kwanza mlango wa kubisha

Kazi yangu ni kuwaandalia watafiti wa lishe maandiko ya kuomba fedha za serikali ya Marekani. Andiko langu la kwanza lilirudishwa. Swali lilikuwa zuri, ila tulilipeleka ofisi isiyohusika, na kazi ya miezi ikaenda na maji.

Kule lishe haina mwenyewe mmoja. Wizara ya Kilimo imo tangu 1894, Bunge lilipotenga dola 10,000 za kuchunguza chakula cha binadamu. Wizara ya Afya nayo imo, kupitia NIH, yaani taasisi za taifa za utafiti wa afya. Tangu 1983 wizara hizo mbili zinaongoza kamati moja ya uratibu, ICHNR, iliyotoa dira ya utafiti ya 2016–2021. Isome dira, lakini andiko usiipelekee kamati: yenyewe inaratibu, haigawi ruzuku.

Liandike swali lako kwa sentensi moja, kisha fungua RePORTER, hazina ya mtandaoni ya miradi inayolipiwa na NIH. Ni bure. Tuseme unauliza kuhusu chumvi na shinikizo la damu. Usiishie kwenye vichwa vya miradi; angalia nani kalipa. Ukiona NHLBI, taasisi ya NIH ya moyo, mapafu na damu, inajirudiarudia, umeupata mlango. Jina la afisa wa programu, yule anayesimamia ruzuku hizo, limo humohumo. Mtumie ukurasa mmoja wa malengo mahususi kabla hujaandika kingine chochote. Akikujibu kwamba hilo si lao, ujaribu NIDDK, taasisi ya kisukari, mmeng'enyo na figo, mshukuru sana, kakuokolea mwaka.

Vile vituo sita vya lishe vya Wizara ya Kilimo, kama Beltsville na Davis, hutengewa fedha na Bunge. Huko tafuta mwanasayansi wa kushirikiana naye. Ruzuku za kushindania ziko NIFA, taasisi ya wizara hiyohiyo inayogawa fedha za utafiti.

Sasa bajeti, na hapa ndipo wengi huteleza. Jaribio la DASH, la mlo wa kushusha shinikizo la damu, lililochapishwa 1997 kwa fedha za NHLBI, liliwalisha watu 459 kwa wiki kadhaa. Ukilisha watu, jiko ndiyo maabara yako: mizani ya kupima sahani ikitoka na mabaki yakirudi, friza ya sampuli za damu, chakula cha akiba kwa atakayemwaga chake. Niliwahi kuletewa bajeti yenye watakwimu wawili na mpishi hakuna. Nilimuuliza mtafiti nani atapika. Akanyamaza, akachukua kalamu.