Ndoo Moja ya Uji Itatosha? Kuanza Hisabati na Tatizo Kabla ya Kanuni

Nafundisha Darasa la Nne, wanafunzi 74 chumba kimoja. Zamani nilikuwa naandika kanuni ubaoni, mifano miwili, kisha zoezi. Wanaonyoosha mikono ni walewale wa dawati la mbele. Siku hizi naanza na tatizo. Kanuni inakuja wakishaihitaji. Mfano ni somo la ujazo, vipindi viwili mfululizo.

1. Chukua jambo linalowagusa. Langu ni uji wa saa nne: "Ndoo hii ya lita 20 itatutosha darasa zima?" Ndoo yenyewe iwe mbele yao.

2. Usitaje namba nyingine. Hapa ndipo tunapoharibu. Mara ya kwanza niliwapa zote: watoto 74, kikombe robo lita, ndoo lita 20. Wakazizidisha zote tatu! Sasa nanyamaza mpaka mmoja aulize, "Mwalimu, kikombe kinaingia kiasi gani?" Akishauliza hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

3. Wakisie. Andika ubaoni hata makisio ya ajabu. Aliyesema "ndoo tano" mbele ya wenzake atahesabu kwa bidii.

4. Wapange sita sita, kila kundi na chupa tupu ya nusu lita, kikombe na maji. Chupa moja hujaza vikombe viwili. Ila kundi moja lilikuja na kikombe kikubwa cha plastiki, chupa nzima ikaishia humo. Ukazuka ubishi: "Hao watatumalizia uji!" Niliwaacha wabishane hadi wakakubaliana wote watumie kikombe cha robo lita. Dakika kumi zikaenda, na sizijutii: walielewa kwa nini watu wanahitaji kipimo kimoja.

5. Zunguka, jibu usitoe. Aliyekwama muulize, "Vikombe vinne ni lita ngapi?" Wengine watajumlisha vinne vinne, wengine watagawanya 74 kwa 4 wapate 18, baki 2. Hiyo baki iwasumbue kidogo. Ni vikombe viwili, yaani nusu lita. Jumla lita 18 na nusu.

6. Makundi yaliyopita njia tofauti yaeleze ubaoni. Kanuni iandike sasa.

Inabaki lita moja na nusu, vikombe sita. Safari iliyopita binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na nyinyi walimu mko wangapi?"

Tuko tisa. Wakafungua madaftari tena.