Kabla Matokeo ya KCSE Hayajatoka: Nyumba Yako Iko Tayari?

Januari ikikaribia, wazazi wa Kisumu, Ahero na Muhoroni huanza kuhesabu karo. Naomba hesabu nyingine itangulie: mtoto akivunjika moyo siku ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nyumba iko tayari? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 727,000 walijitoa uhai, karibu robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Gredi mbaya peke yake haimuui mtu. Huwa imemkuta tayari ana msiba, kipigo, mimba aliyoificha au huzuni ya muda mrefu ambayo hakuna aliyeitibu.

Anza na dawa za shamba, maana ndizo tunazozisahau. Kwa wakulima wengi wa mpunga chupa hukaa chini ya kitanda, kando ya pampu, kwa kuogopa wezi. Nyingine imemiminwa kwenye chupa ya soda. Nunua ya kutosha kazi iliyopo tu, inayobaki ifungie kwenye sanduku la kufuli, na ufunguo ashike mtu mzima mmoja. Vidonge navyo hivyo hivyo. Wazo la kujiua mara nyingi hupanda ghafla na baada ya muda hushuka, na kijana asiyepata sumu karibu saa hiyo ana nafasi kubwa ya kuishi. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi, vifo vya kujitoa uhai vilipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Shida za watu zilikuwepo bado.

Kisha andaa maneno. Kijana anayegawa simu na viatu vyake, anayesema "mtapumzika nikiondoka", au anayevaa sweta mchana kutwa katika joto la Kisumu ili kuficha mikwaruzo mkononi, muulize waziwazi mkiwa wawili: "Mwanangu, naona huli wala hulali. Huwa unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandi wazo kichwani, wengi huona afadhali kwamba mtu ameuliza. Akikubali, usimhubirie, usimtajie ng'ombe uliyeuza kumsomesha. Msikilize, na asiachwe peke yake.

Shangazi na wajomba waambieni mapema wasipige simu kuuliza "umepata nini?", wala gredi zisiwekwe kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo.

Andika namba kwenye karatasi, ibandike mlangoni, kwa sababu simu huzima chaji: 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto, zote bila malipo, Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Mjue mtu wa bodaboda au jirani mwenye gari atakayekubali kuja usiku wa manane kuwapeleka hospitali ya Jaramogi, pale tunapopaita Russia, au hospitali iliyo karibu zaidi. Mtoto akiwa amekunywa kitu, usimnyweshe maziwa wala usimtapishe. Mkimbizeni, na mbebe chupa yenyewe.

Mkifika, semeni ukweli. Zamani familia nyingi zilidai ni ajali, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Daktari akidanganywa, atamtibu tumbo mtoto na kumrudisha nyumbani na maumivu yale yale.

Wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndizo za hatari zaidi. Kabla hamjaondoka, ombeni tarehe ya kliniki ya afya ya akili, mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumbani, na sanduku lile libaki limefungwa.